Visu Kwenye Kasha la Mama

Nkuhungu, Dodoma
6 Novemba 1994

Dada yangu Ikram,

Shikamoo. Sisi huku miili mizima. Upepo wa Dodoma unatulisha mchanga, maji ya bomba yanakuja yakipenda, na shemeji yako Zaidi sasa ni mmoja wa wale waliopunguzwa kazini. Gari alilokuwa akiendesha limepigwa mnada. Amepata meza ya mitumba sokoni Majengo, anauza suruali za Wazungu warefu, na jioni anazikunja huku ananung'unika. Mimi bado nipo kwenye taipu, maana wakubwa wanataka barua za kuwaachisha kazi wenzangu zichapwe vizuri. Nisalimie wote hapo Kolo.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Nurdini anarudi lini?

Ulikuja Septemba ukanikuta jikoni nalia. Ukaniuliza nina nini, nikakwambia kitu ambacho nilikuwa sijamwambia mtu, hata Zaidi. Kwamba nikishika kisu na mwanangu yuko karibu, inanijia picha namchoma. Inakuja bila kuitwa, na nikiifukuza inarudi na nyingine mbaya zaidi. Sikukwambia nataka. Nilikwambia naogopa mpaka sikati hata kitunguu. Ukanipikia chai, na kabla jua halijazama ulikuwa umeshafunga nguo zake kwenye kanga.

Kwa majirani ulisema unakwenda kumwachisha ziwa, kama tunavyofanya kwetu, mtoto anapelekwa kwa mama mkubwa asahau titi. Kila mtu akaona sawa, na Elieth wa nyumba ya pili akakupa maandazi ya njiani. Nurdini alikuwa ameacha ziwa mwenyewe tangu Julai, na wewe ulijua. Umedanganya kwa kinywa kikavu, mbele ya mume wangu, na mimi nimesimama hapo kama mgeni.

Namtaka mwanangu. Zaidi anasema tungoje nipone. Nani aliyesema naumwa, nyinyi wawili mlikaa wapi mkakata shauri?

Lakini dada, wewe ndiye uliyenilea mama alipofariki. Unanijua kuliko mtu yeyote. Naweza kweli kumdhuru? Niapie tu kwamba siwezi, nami nitalala. Na unijibu kama Nurdini ni mzima.

Mdogo wako,
Sikudhani


Kolo, Kondoa
21 Novemba 1994

Mdogo wangu Sikudhani,

Marahaba. Barua yako nimeletewa na Hasani kondakta. Ilisafiri ndani ya kofia yake na imefika inanuka jasho, lakini imefika. Mvua bado zinatuchungulia tu. Ng'ombe wangu wa zizini anakula kuliko mume, tofauti yake anatoa maziwa. Mpe Zaidi pole ya kazi, umwambie suruali ndefu zinakatwa, asinung'unike.

Nurdini mzima. Anakula mlenda na ugali wa ulezi mpaka tumbo linamtangulia. Anawakimbiza kuku, na mimi ananiita Mama Kubwa kwa sauti ya mkuu wa wilaya. Na huwezi kumdhuru, nakuapia kwa Mungu aliyeniumba. Wewe uliyelia sungura wa shambani alipokufa utamdhuru nani? Lala.

Lakini kurudi, harudi sasa. Mtu akisema nyumba yake inanuka moshi, hupeleki mtoto kulala humo ukingoje kuona moto.

Nimekwenda kwa shehe. Amekuandikia aya kwa zafarani, nimezisuuza, kombe liko kwenye chupa aliyobeba Hasani. Kunywa asubuhi kabla ya chakula. Na kwa kuwa utakuja siku ya Idi kumwona mtoto, nimeshajiandaa. Visu vyote vya nyumba hii, hata ule wembe wa kukatia kucha, nimevifungia kwenye kasha la marehemu mama, na ufunguo nautembeza shingoni. Mwambie Zaidi naye afanye hivyohivyo.

Kuna jambo jingine limenikera. Hasani anasema alikuona unatoka kwenye geti la hospitali ya wagonjwa wa akili. Nikamwambia ulikwenda kumtazama mtu. Siku, watu wa huku ukishaonekana kwenye geti lile hakuna anayekuuliza ulifuata nini. Mtoto wako atakuja kuoa, atatafutiwa mke kwa watu haohao. Umefikiria hilo?

Usirudi pale.

Dada yako,
Ikram


Nkuhungu
11 Desemba 1994

Dada Ikram,

Shikamoo. Kombe nimelinywa na nimeshukuru. Zaidi anakusalimu, ameuza suruali moja kwa mchezaji wa mpira wa kikapu.

Hospitali nimerudi na nitarudi tena. Na Hasani mwambie akiniona kwenye geti lile anisalimie, asijifiche nyuma ya basi.

Nimekutana na Daktari Paskazia, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya reli. Nilimweleza yote huku nimeinama chini, nikingoja aite askari. Akaniuliza swali moja: picha hizo zinanifurahisha au zinanitisha? Nikamwambia zinanitisha hadi natamani kukatwa mikono. Akasema, "Basi wewe si mwuaji, wewe ni mwoga. Watu wote vichwani mwao hupita takataka. Mwenzako anasema ala, takataka hii, anaendelea kusonga ugali. Wewe unaipokea, unaiketisha, unaihoji, unaifungia visu. Ndiyo maana haiondoki." Dada, nilicheka na kulia pamoja.

Ugonjwa huu una jina na una tiba, na tiba haina sindano. Ni mazoezi. Nakaa na kisu mezani mpaka moyo uchoke wenyewe kwenda mbio. Nisikimbie, nisimwite Zaidi, nisisome dua mfululizo kulifukuza wazo. Dua nisome kwa sababu ya Mungu, katika wakati wake, siyo kama kifutio. Wazo likija naliacha lipite bila kubishana nalo. Baadaye nakishika, baadaye nakata, na mwisho nakata mwanangu akiwa pembeni yangu. Bila Nurdini tiba hii inaishia nusu njia.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa nina hasira na wewe. Zaidi alikutii, akafunga visu. Tangu barua yako ifike tunakula kabichi iliyochanwa kwa mikono. Nyama namwomba mwenye bucha anikatie vipande vidogo mpaka anadhani sina meno. Kila nikipita pale kilipokuwa kisu naona tundu tupu, na tundu lile linaniambia nyumba nzima inajua mimi ni mtu wa hatari. Mmeulisha ugonjwa wangu kwa mkono wenu, mkauita upendo.

Na kile kiapo chako. Niliposoma nilipoa mpaka jioni. Kesho yake nikataka kingine, nikaisoma tena barua mpaka ikachanika kwenye mkunjo. Daktari anasema kuuliza kule ni sehemu ya ugonjwa, na kila anayenijibu anaumwagia mbolea. Basi nakuomba kitu kigumu. Nikikuuliza tena kama naweza kumdhuru, usinijibu. Nikikuuliza kila barua kama Nurdini yuko salama, usiniapie. Niache nikae na woga wangu mpaka unizoee.

Kisha umlete mtoto.

Sikudhani


Kolo
18 Januari 1995

Sikudhani,

Marahaba.

Mvua zimenyesha. Alizeti imeota vizuri upande wa chini na vibaya upande wa juu. Barabara imekatika mara moja ikashonwa. Mbuzi wa jirani amezaa. Bei ya mafuta ya alizeti sasa kila mfanyabiashara anajipangia, na sisi wenye mashine ya mkono tunabaki kusugua viwiko.

Barua yako nimesomewa na macho yangu mwenyewe, sikumpa mtu. Kwa hiyo mimi niliyekupiga mswaki kwa kidole changu ndiye mgonjwa wako. Na mwanamke wa kwenye geti lile, asiyejua hata jina la mama yetu, ndiye anayekujua. Anamwambia mtu anayeogopa kumchoma mtoto ashike kisu akae na mtoto. Hata mlevi wa pombe ya kienyeji hawezi kutoa shauri hilo.

Mtoto simleti kwenye kisu.

Umetaka nisikujibu. Nimekubali. Sikujibu.

Ikram


Nkuhungu
27 Februari 1995

Ikram,

Shikamoo, kwa sababu ya mama. Saumu tunaimalizia. Zaidi mzima. Mengine ya salamu sina.

Nimekuandikia mwanzoni mwa Ramadhani, hukujibu. Nikaandika tena, hukujibu. Nikajiambia nimeyataka mwenyewe, nivumilie, hili nalo ni zoezi. Jana nimekwenda stendi kumpa Hasani kifurushi cha nguo za Idi za Nurdini. Akaniuliza, "Mkono wa mtoto unaendeleaje?" Nikamwuliza mkono gani. Akaona uso wangu, akaanza kupanga mizigo iliyokwisha kupangwa.

Nimemshika shati mbele ya abiria mpaka akasema yote. Kwamba wiki ya kwanza ya mfungo uliteremsha sufuria ya uji wa futari ukaiweka sakafuni, ukaenda kuchukua sukari, na mwanangu akajikwaa akaingiza mkono. Kwamba yeye Hasani ndiye aliyewabeba kwenda hospitali, wewe umevua ushungi umemfunika nao. Kwamba ulimkataza kuniambia. Abiria wa Kondoa wanajua, mwuza miwa wa stendi anajua, na mimi mama yake nachapa barua za kufukuza watu.

Nilikuomba usinijibu swali la ugonjwa wangu. Sikukuomba unifiche mtoto aliyeungua. Hayo mawili hata Nurdini angeyatofautisha. Niliomba uninyime kiapo, wewe ukaninyima mwanangu, na ulifanya kwa makusudi, kunionyesha.

Visu vyote vimefungwa kwenye kasha, hata wembe wa kucha. Ufunguo shingoni. Na uji wa moto sakafuni.

Jirani yangu Elieth, Mkristo wa watu, asiye ndugu yangu, nimemweleza yote mwezi uliopita. Akamleta binti yake akae mlangoni pa jikoni nikikata nyanya. Alisema, "Nitakaa naye mara ya kwanza, halafu nitakwenda zangu kufua." Na alikwenda kufua. Nilitetemeka mpaka nyanya zikawa rojo, lakini nilimaliza. Mtu baki amenipa mwanawe, na dada yangu amenificha wangu.

Sasa niseme kile ambacho Zaidi kanikataza. Mumeo alikurudisha kwa kukosa mtoto, ukaona njia ya mkato ni mimi. Nilipokwambia ugonjwa wangu hukusikia ugonjwa, ulisikia mlango unafunguka.

Nakuja Jumamosi baada ya Idi, kwa basi la asubuhi. Sitalala. Kasha la mama nilikute wazi.

Sikudhani


Kolo
26 Machi 1995

Mdogo wangu,

Nakusalimu wewe na Zaidi. Mvua hapa zinamalizia. Alizeti upande wa juu nayo imekuja kuinua kichwa.

Tangu mwondoke wewe na Nurdini sijaandika, maana kila nikishika kalamu nakasirika na kuanza upya. Leo naandika hivyohivyo na hasira yangu.

Ulishuka kwenye basi hukuniamkia. Tangu nikufundishe kusema, hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Ukaingia ndani, ukautazama mkono wa mtoto upande wa juu na upande wa chini, hukulia. Yeye alikusahau kidogo, akashika kanga yangu, na nilifurahi. Nalisema hilo kwa sababu utakuwa uliliona. Kisha ukaniambia, "Kisu." Nikakwambia si leo, mtoto mgonjwa. Ukasema, "Kisu, dada, au nitakata kwa panga lako la shambani."

Nikafungua kasha. Kile kisu cha mama chenye mpini wa kamba ndicho ulichokichagua. Ukaketi mkekani, ukaweka lile boga kubwa kati ya miguu, ukamwita mwanao akae ubavuni kwako. Jasho lilikuwa linakutoka puani. Mimi nilisimama mlangoni nimevua viatu ili niweze kuruka. Hilo nalisema pia. Nilikuwa tayari kukuangukia na kukuvunja mkono, Mungu ananiona. Boga likakatika nusu, likakatika robo, Nurdini akachukua mbegu akazibandika mguuni kwako. Ukaniangalia ukasema, "Kaa chini, unamtisha mtoto." Na kweli alikuwa ananitazama mimi, siyo wewe.

Neno lile ulilolisema kwenye barua sijakusamehe. Nililisoma nikiwa nimesimama, nikakaa. Mume aliniambia hilohilo kwenye baraza la wazee, na sikutegemea kulisikia tena kutoka kwa mtoto niliyemfunga mgongoni. Nilikuficha kwa sababu nilijua utakuja kumchukua. Ndiyo hivyo, basi. Ungefanya nini wewe?

Sasa nina swali. Kidonda kimefunga? Vidole vinanyooka? Jikoni kwenu hakuna mlango, nakumbuka, ni pazia tu. Mnapika kwa mkaa chini au mmenyanyua jiko? Sufuria mnaiweka wapi mkiipua? Mimi huku siwashi moto asubuhi siku hizi. Chai nakunywa kwa jirani, mchana nakula kiporo. Nikiona mvuke unatoka kwenye sufuria nasikia ile sauti yake, na naona mara nyingine anatumbukia uso. Naona kabisa, na mtoto mwenyewe hayupo hapa. Najiambia asije akawa ameungua tena huko hivi ninavyoandika. Sijamwambia mtu, watasema nimepata wazimu wa upweke.

Niandikie mara moja kwamba mzima. Niapie.

Dada yako,
Ikram


Nkuhungu
23 Aprili 1995

Dada Ikram,

Shikamoo. Safari hii naanza nayo, isije ikasemwa tena. Zaidi ameongeza meza ya viatu. Ofisini wamenipa mimi barua yangu mwenyewe ya kuniachisha kazi, nikaichapa kwa mkono wangu, nikasahihisha kosa lao la tarehe. Nimekasirika, lakini nina mtoto wa kushinda naye, kwa hiyo nimekasirika nikiwa nyumbani.

Tangu ile barua yako umeniandikia nyingine mbili, na Hasani ameleta salamu za mdomo kila aliposhuka. Zote zinauliza jambo lilelile.

Nakujibu mara moja, kwa kuwa hii ni habari na habari ni haki yako. Kidonda kimefunga. Vidole vinanyooka vyote, kimoja kigumu kidogo, daktari wa mikono anasema kitalegea. Kovu litabaki. Mimi ningekuwa nimekufichia hilo kovu, ungejisikiaje?

Yale mengine sikujibu. Jiko liko wapi, sufuria inawekwa wapi, kama ataungua tena kesho, siapi. Nilipoisoma barua yako nilianza kuandika, "Yuko salama dada, usiogope," nikaona mkono wangu unaandika maneno yako ya Novemba. Nikaichana. Nilikwenda kwa Daktari Paskazia nikamsomea kile kipande cha mvuke na uso wa mtoto. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akasema, "Huyo naye aje."

Utasema hutakanyaga geti lile. Nakujua. Nimeshakuona unavyokunja shingo hapo ulipo. Basi usiende kwenye geti, njoo kwangu kwanza. Bado nina hasira na wewe, sitakudanganya. Nikimwogesha Nurdini nikafika kwenye mkono ule, hasira inaanza upya. Na neno langu lile lilikuwa la kukuumiza na nilitaka likuumize. Ningekuwa na jingine kali kuliko lile siku ile ningelitumia. Leo sina, na lile neno nalo nimeliacha.

Picha zinakuja bado. Jana nilikuwa nakata nyama, yeye yuko chini anagonga kifuniko cha sufuria, ikaja ileile ya zamani. Nikasema ala. Nikaendelea kukata.

Mtoto anamwita kila mwanamke mwenye ushungi Mama Kubwa. Sokoni wanageuka sita, hageuki anayemtaka, anakasirika kama wewe.

Idi Kubwa ni mwezi ujao. Panda basi la Hasani. Utanikuta jikoni, nyuma ya pazia lilelile, Nurdini atakuwa katikati yetu na hatatolewa nje. Nyama nitakata mimi kwa kisu cha mama, nilikichukua siku ile na hukuona. Uji utapika wewe. Moto utauwasha wewe mwenyewe, na mimi sitasimama mlangoni.

Mdogo wako,
Sikudhani